Rangi ya Ngozi, Lakini Ngozi ya Nani?

Ukienda saluni kupaka kucha unaletewa kadi ya rangi, unakaa hata nusu saa, unabadili mawazo mara tatu na hakuna anayekushangaa. Mwaka jana niliwekewa kadi ya namna hiyo mezani, ila si saluni. Nilikuwa kliniki ya masikio, mume wangu pembeni, na mtaalamu wa usikivu anasubiri niseme mashine zangu mbili za kusikia ziwe za rangi gani. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akanyoosha kidole.

"Hizo nyeusi. Hazitaonekana."

Alisema kwa nia njema, namjua. Lakini neno lile "hazitaonekana" lilinichoma mahali ambapo hata mimi sikujua kama pana kidonda.

Turudi nyuma kidogo. Nina miaka 36, kazi yangu ni kuhariri maneno ya watu, na digrii yangu ni ya mawasiliano. Cheka tu, maana kwa miaka kama mitatu nilikuwa siwezi kuwasiliana na mtu aliyenipa mgongo. Ilianza taratibu. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka: ndege wa asubuhi, mlio wa simu, kisha herufi kama s, t na f. Hebu jaribu kusema "saa sita" na "saa tisa" bila kuzisikia vizuri hizo s na t. Ni kitu kimoja! Siku moja nilifika kwenye kikao saa tisa juu ya alama, nimependeza kweli kweli, nikakuta wenzangu walishamaliza na kwenda kula.

Nyumbani ikawa vita. Mume wangu anaongea jikoni, mimi niko sebuleni, simjibu. Kwake hiyo ilikuwa dharau. "Siku hizi unanipuuza," aliniambia, na mimi nikamjibu kwamba yeye ndiye anayenong'ona. Tulilala mzungu wa nne kwa sababu ya herufi s, kwa kweli.

Mtaani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Watoto wa jirani wananiamkia shikamoo, napita. Mzee wa duka ananiita, napita. Na wewe unajua, kwetu asiyeitikia salamu haambiwi anaumwa, anaambiwa anaringa. Nilikuja kusikia baadaye kwamba nilishapewa hadi jina la utani.

Basi tukaenda kupima. Nilikalishwa kwenye kichumba kisichoingiza sauti, nikavalishwa vibanio vya masikioni, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio hata ule mdogo kabisa. Matokeo yalitoka kwenye grafu, vidude vyekundu kwa sikio la kulia na vya bluu kwa la kushoto, vyote vinateremka upande mmoja kama watu wanaoshuka mlima. Mtaalamu akasema kilichopotea hakirudi kwa dawa, ila mashine zitanisaidia sana. Nililia kidogo. Halafu ndiyo ikaja ile kadi.

Kulikuwa na nyeusi, kijivu, ya fedha, kahawia za aina mbili, nyekundu iliyoiva ile tunayoiita damu ya mzee, bluu moja kali, na moja kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo sana. Hiyo ya mwisho dada aliyekuwa akituhudumia aliiita "rangi ya ngozi". Nikauweka mkono wangu mezani, kando ya kadi. Sote wanne tukautazama.

Ngozi ya nani?

Dada wa watu alicheka kwa aibu, na wala si kosa lake. Kwa miongo mingi mashine hizi zilitoka viwandani Ulaya na Marekani zikiwa na rangi hiyo kwa sababu lengo lilikuwa zipotee kwenye ngozi ya Mzungu. Kwangu mimi ingekuwa kama plasta, tena plasta inayopiga kelele "tazameni hapa". Mtaalamu akatupa siri moja nzuri: mashine ya nyuma ya sikio haikai kwenye ngozi, inakaa mpakani mwa nywele. Kwa hiyo anayetaka kuificha alinganishe na nywele zake, asihangaike na uso. Ndiyo maana mume wangu alikuwa na hoja na nyeusi yake. Tukapewa jozi nyeusi ya majaribio ya wiki mbili.

Ugomvi ulianzia kwenye gari, foleni ya Mwenge. Ilikuwa bado mchana, nashukuru, maana niliweza kuiona midomo yake.

"Mimi sitaki watu wakuonee huruma," alisema.

"Watu, au wewe?"

Hakujibu mpaka tulipofika Makumbusho. Halafu akasema kitu ambacho namheshimu kwa kukisema: kwamba aliogopa wenzake kazini watamuuliza mkewe ana miaka mingapi. Kichwani mwake mashine ya sikio ni ya babu. Nami nikakiri kwamba hata kichwani mwangu ilikuwa hivyo hivyo. Wote wawili tulikuwa tunaficha kitu kimoja, kila mtu kwa upande wake.

Kuficha si jambo jipya. Karne ya 19 huko Ulaya kulikuwa na pembe za kusikilizia, na mafundi walizichomeka kwenye feni za mkononi, kwenye kofia, hata kwenye mapambo ya nywele. Mjane aliweza kupata ya kwake iliyovikwa hariri nyeusi na lesi, ili hata sikio lishiriki matanga. Miaka ya 1950 zikaja mashine zilizofichwa ndani ya fremu za miwani. Hapo ndipo kichekesho kilipo, maana miwani yenyewe ilishatoka mafichoni. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya tisini tunakumbuka mtoto wa miwani alivyoitwa "macho manne". Leo mtu anayeona vizuri kabisa ananunua fremu ya urembo apigie picha. Mwaka 2005 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, liliweka maonyesho yaliyoitwa HearWear, ambapo wabunifu waliulizwa swali hilo hilo: kwa nini macho yamepewa fasheni, masikio yakanyimwa? Na mwaka 2022 Barbie naye akatoka madukani na mashine nyuma ya masikio, za rangi ya waridi. Barbie, ambaye tangu mwaka 1959 alikuwa hana kasoro hata moja!

Lakini aliyenifungua macho si Barbie. Ni mtoto wa kaka yangu.

Huyu binti ana miaka saba. Alizaliwa hasikii kabisa, na mashine za kawaida hazikumsaidia, kwa sababu hizo zinakuza sauti tu, na sikio lake la ndani halikuwa na cha kukuzia. Yeye alipandikiziwa kifaa. Kwa msiojua, sehemu moja huwekwa kwa upasuaji chini ya ngozi nyuma ya sikio, na kamba nyembamba yenye elektrodi huingizwa ndani ya koklea, ile konokono ya sikio la ndani, ili kuupa mshipa wa kusikia taarifa moja kwa moja. Hapa kwetu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo ilibidi safari ya nje, mara nyingi India. Sehemu ya ndani haionekani, kwa hiyo haina habari na rangi. Ya nje ndiyo yenye mambo: kuna prosesa inayokaa nyuma ya sikio, na kisahani chenye sumaku kinachojishika kichwani.

Kaka yangu naye alitaka nyeusi. Binti akakataa katakata. Prosesa yake ni ya bluu ya angani, kisahani ni cha waridi, na juu yake amebandika stika ya nyota anayoibadilisha kila shule zikifungwa. Wenzake darasani wakimuuliza anawaambia, "Ni sikio langu la betri," basi, mchezo unaendelea. Siku moja prosesa ilianguka mchangani wakati wa mapumziko. Kitu cha mamilioni ya shilingi! Ilionekana ndani ya dakika mbili kwa sababu ya rangi yake. Nyeusi ingekuwa tunaichambua mpaka leo.

Nilipomwonyesha zangu za majaribio alizigeuza geuza mkononi, akaniangalia kwa huruma.

"Shangazi, hawakuwa na nzuri?"

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Si kila mtu anataka kung'aa, na hana wajibu huo. Shoga yangu mmoja anafanya kazi kaunta ya benki, amechagua ndogo mno inayoingia ndani kabisa ya tundu la sikio, na wateja hawajui. Sawa, ni masikio yake. (Ujue tu kwamba ndogo hizo hazimfai kila mtu. Usikivu ukiwa umepotea sana unahitaji mashine yenye nguvu, na yenye nguvu huwa kubwa.) Kilichonisikitisha ni kwamba hata familia ya mchumba wake haikujua. Siku ya kicheni pati, kwa kuogopa wakwe wa karibu, alizivua akazitia kwenye pochi. Mashangazi wakamwaga mafunzo saa nzima, na yeye anatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Mpaka leo hajui alifundwa nini.

Zile nyeusi zangu nazo ziliniletea jambo ambalo sikulitegemea. Siku hizi nusu ya mji imevaa spika za masikioni. Kwa hiyo wachache walioziona hawakudhani ni mashine za kusikia, walidhani nasikiliza muziki. Tulikuwa na mgeni ofisini, mzee wa heshima zake, nikamwomba arudie swali. Akasema kwa upole ule unaouma, "Binti, ukitoa hivyo vitu masikioni utanisikia." Mbele ya bosi! Yaani nimetoka kwenye kuringa kwa kutoitikia, nimeingia kwenye kuringa kwa muziki. Jioni nilimsimulia mume wangu, na kwa mara ya kwanza alikasirika pamoja nami badala ya kunikasirikia.

Wiki mbili zilipoisha tukarudi, nikaomba kadi. Nikachukua damu ya mzee. Inapendana na ngozi yangu, inapendana na nusu ya vitenge vyangu, na mtu akiitazama haimpitii akilini kwamba nacheza muziki. Akiiona, kwa kawaida anageuka anitazame usoni na kuongea vizuri. Sijawahi kumwomba mtu afanye hivyo. Rangi inaniombea.

Kama na wewe uko njiani kwenda kuchagua, uliza mapema kama kava linaweza kubadilishwa baadaye, maana kwa baidhi ya mashine inawezekana na kwa nyingine rangi uliyoanza nayo ndiyo hiyo. Mtoto anayekua hubadilishiwa kipira cha sikioni mara kwa mara, na kila mara ni nafasi ya rangi mpya, hata yenye kumetameta. Dada zangu wa hijabu, jaribuni mashine mkiwa mmejitanda kama siku zote, kwa sababu kitambaa kikisugua maikrofoni unasikia mchakacho tu. Wa kusuka na mawigi wenye vifaa vya kupandikizwa, mwambieni mtaalamu, kwa kuwa unene wa nywele unahusu nguvu ya sumaku. Na jasho la Dar ni adui wa mashine zote, ziwe nyeusi au za dhahabu, kwa hiyo kopo la kukaushia ni lazima.

Kuna rangi nyingine ambazo huzichagui. Betri za kutupa zina stika zake dunia nzima: namba 10 ni njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Na kila mashine ina alama ndogo, nyekundu kwa kulia na bluu kwa kushoto. Mume wangu alizikariri kabla yangu. Asubuhi ananiletea kopo kitandani, ananipa nyekundu kwanza, halafu bluu, na neno la kwanza la siku nalisikia kutoka kwake. Huwa ni "umeamkaje", si kitu cha ajabu, lakini kulikuwa na miaka nilikuwa silisikii.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu. Mmoja wao, tuligundua, alikuwa mama mkwe.

Alikuja kututembelea kutoka Muheza mwezi wa saba. Siku mbili nzima alikuwa ananitazama pembeni ya kichwa, nami nikawa najiandaa kwa mahubiri. Siku ya tatu, tumekaa barazani tunachambua mchicha, akasogeza kigoda.

"Mwanangu, hizo hereni zako za kusikilizia," alisema, "wanazo za wazee?"

Kumbe miaka yote ile televisheni yake inapiga kelele mpaka kwa majirani, tulikuwa tunasema ni redio mbovu, ni king'amuzi kibovu, ni mama tu alivyo. Mume wangu alinyanyuka bila kusema neno, akaenda chumbani, akarudi na ile kadi. Sikujua kwamba aliomba abaki nayo. Akaiweka kwenye mapaja ya mama yake na kuanza kumtajia rangi moja moja kwa sauti kubwa, anamtazama usoni, kama alivyozoea kunifanyia mimi.

Mama akapitisha kidole juu ya nyeusi, juu ya kijivu, juu ya ile ya maziwa na chai. Kikasimama kwenye bluu kali.

Mume wangu akafungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga.