Mtoto anapojiunga na kikundi cha ngoma za samba: midundo, breki na masikio yake

Shule nyingi za Uingereza zina seti ya ngoma za samba, na miji mingi ya Ulaya ina vikundi vya mtaani vinavyopokea watoto. Kama mtoto wako ameomba kujiunga, mruhusu. Atajifunza kusikiliza wenzake, kusubiri zamu na kutumia mwili wake kwa mpangilio. Jambo linalohitaji uangalizi wako ni masikio. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kujifunza samba haihitaji kelele hata kidogo.

Ngoma hizi ni zipi?

Samba ni muziki wa Brazili, wenye mizizi kwa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Vikundi vikubwa vya mji wa Rio de Janeiro, viitwavyo shule za samba, vilianza mwishoni mwa miaka ya 1920. Mtoto wako atakutana na surdo, ngoma kubwa yenye sauti nzito. Kaisha, ngoma bapa yenye nyuzi zinazochakarisha sauti. Repiniki, ngoma kali ambayo mara nyingi huita wenzake. Na agogo, kengele mbili za chuma.

Midundo hujifunzwaje?

Huanza mdomoni, hushuka miguuni, kisha huingia mikononi. Nyumbani mnaweza kufanya hivi kwa dakika kumi kwa siku:

- Mdomo. Mtoto atamke mdundo kabla ya kuupiga. Kaisha hupiga mapigo manne mepesi kwa kila hatua moja: ta-ka-ta-ka, ta-ka-ta-ka. Asiyeweza kuutamka mdundo hataweza kuupiga.
- Miguu. Atembee papo hapo, kushoto, kulia, huku akitamka. Surdo hupokezana: moja hupiga hatua ya kwanza, na ile yenye sauti nzito zaidi huitikia hatua ya pili. Watoto wengi hukazia hatua ya kwanza, lakini uzito wa samba uko kwenye ya pili.
- Mikono. Apige mapaja yake au mto wa kulalia. Aanze polepole. Kasi itakuja yenyewe.

Breki ni nini?

Ni pale kundi zima linapoacha mdundo wa kawaida kwa pamoja, likanyamaza au likapiga kifungu kifupi, kisha likarudi pamoja. Kiongozi hutoa ishara kwa filimbi na mikono. Mara nyingine repiniki huita na wengine huitikia, kama kiongozi wa wimbo na waitikiaji wake.

Watoto hukosea breki kwa sababu mikono ikisimama, miguu nayo husimama, na hesabu hupotea. Jaribuni mchezo huu: pigeni makofi mkihesabu hadi nane, kisha nyamazeni kwa hesabu nyingine nane huku miguu ikiendelea kutembea. Mkirudi kwenye moja kwa pamoja, mmefanya breki.

Kwa nini masikio?

Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Zikifa kwa kelele haziroti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Madhara hayaumi, hivyo mtoto hawezi kukuambia yanapoanza.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, muda hushuka hadi saa 4. Ikifika 100, ni dakika 20 tu. Kwa watoto tahadhari ni kubwa zaidi. Kundi la samba, hasa ndani ya chumba, linaweza kuvuka desibeli 100.

Ufanye nini?

- Mpe kinga kila mazoezi. Kwa watoto wadogo vifuniko vinavyofunika sikio lote ni bora, kwa sababu vizibo vidogo vinaweza kumezwa. Mkubwa anaweza kutumia vizibo vya wanamuziki. Bado atausikia mdundo na kuiona mikono ya kiongozi.
- Pamba haitoshi. Usiitumie badala ya kinga.
- Muulize kiongozi kama kuna mapumziko mahali pa kimya, na kama mazoezi yanaweza kufanyika uwanjani au katika ukumbi mpana.
- Omba mtoto asisimame muda wote mbele ya repiniki na kaisha.
- Surdo kubwa si ya mtoto mdogo. Mkanda ukimvuta bega au mgongo, apewe ngoma nyepesi.
- Usimweke mtoto mchanga karibu na kundi, hata kama amelala.
- Kama mtoto anatumia kifaa cha kumsaidia kusikia, au sauti kubwa humtaabisha, zungumza na mtaalamu wake kabla ya kuanza.

Mpeleke kwa daktari lini?

Baada ya mazoezi, muulize: "Masikio yanalia? Sauti zinasikika kama zimezibwa?" Akisema ndiyo, mpumzishe na kelele zote, pamoja na vipokea sauti vya simu, na usimrudishe mazoezini bila kinga bora zaidi. Mpeleke kwa daktari kama hali hiyo haijaisha kesho yake, kama anaongeza sauti ya televisheni, au kama anakuomba urudie maneno mara kwa mara. Akipoteza usikivu ghafla, hata kwa sikio moja, mpeleke siku hiyohiyo.