Tahadhari: Sasisho la tarakilishi laweza kuwa mtego wa virusi

Na MWANDISHI WETU

WATUMIAJI wengi wa tarakilishi wamewahi kukumbana na ujumbe wa aina hii. Wakiwa katikati ya kusoma habari au kujaza fomu kwenye tovuti fulani, dirisha dogo huchomoza ghafla na kuwaarifu kwamba kivinjari chao kimepitwa na wakati, na kwamba sharti wabonyeze kitufe kilichopo ili wakisasishe. Nembo ni ile waijuayo, rangi ni zile zile, na maneno yameandikwa kwa upole. Wanaobonyeza hupakua, kwa mikono yao wenyewe, programu inayoiba nywila, kufunga faili au kumkabidhi mtu wa mbali usukani wa mashine nzima.

Hila hii ni kongwe. Mnamo Septemba 2003, kirusi kilichopewa jina Swen kilienea duniani kupitia baruapepe zilizojifanya zimetoka Microsoft, zikibeba kiambatisho kilichodaiwa kuwa kiraka cha usalama. Kampuni hiyo haitumi masasisho yake kama viambatisho vya baruapepe, lakini ni wangapi waliolijua hilo?

Miaka 14 baadaye, matapeli walikuwa wamepata njia ya ujanja zaidi. Mnamo Oktoba 24, 2017, watu nchini Urusi na Ukraine waliotembelea tovuti za kawaida kabisa, zikiwemo za habari, walionyeshwa tangazo la kuwataka wasasishe programu ya Flash Player. Tovuti hizo hazikuwa za matapeli. Zilikuwa zimedukuliwa tu. Waliokubali walijikuta wamefungiwa faili zao na kudaiwa kikombozi cha bitcoin 0.05. Shambulio hilo, lililoitwa Bad Rabbit, liliwakumba shirika la habari la Interfax la Urusi, uwanja wa ndege wa Odesa na mfumo wa treni za chini kwa chini mjini Kyiv. Kwa hivyo anayejitetea kwamba hutembelea tovuti za kuaminika pekee hana kinga aliyodhani anayo.

Kuna wanaosikia habari za aina hii na kukata kauli kwamba hawatasasisha chochote tena. Hiyo ni hatari ya pili, na huenda ni kubwa kuliko ya kwanza. Mnamo Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mkubwa katika Windows. Miezi miwili hivi baadaye, Mei 12, kirusi cha WannaCry kiliutumia ufa huo huo kuingia katika zaidi ya tarakilishi 200,000 kwenye nchi zipatazo 150. Hospitali za umma nchini Uingereza zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Mashine zilizokuwa zimepokea sasisho la Machi hazikuguswa kupitia ufa huo.

Basi mtu atatofautisha vipi halali na ghushi? Sisi tunaohariri maandishi kwa ajira tungependa kuamini kwamba makosa ya lugha yatamfichua tapeli. Zamani yalimfichua. Siku hizi mitambo ya kuandika humwandalia sentensi safi kwa lugha yoyote aitakayo, na nembo hunakiliwa kwa sekunde chache. Sura ya ujumbe haikuambii lolote. Swali la kujiuliza ni moja: ujumbe huu umeingilia mlango gani?

Sasisho halali hutoka ndani ya programu yenyewe au ndani ya mfumo unaoendesha tarakilishi. Kivinjari cha Chrome, kwa mfano, hupakua masasisho yake kimyakimya bila kukuomba uhifadhi faili yoyote, kisha huonyesha alama kwenye pembe ya juu kulia, karibu na vile vitone vitatu, kukujulisha kwamba ukikifunga na kukifungua upya kitakuwa kipya. Alama hiyo iko kwenye fremu ya kivinjari, nje ya ukurasa unaosoma. Ujumbe ghushi, kinyume chake, huwa ndani ya ukurasa. Ukiufunga ukurasa huo, nao hutoweka. Tovuti ya habari, ya muziki au ya matokeo ya kandanda haina kazi ya kukagua umri wa kivinjari chako na kukuletea kipya.

Kwa hivyo, ujumbe ukichomoza, usibonyeze popote ndani yake, hata kile kitufe cha kukataa, maana aliyekichora ndiye aliyeamua kitafanya nini. Funga ukurasa wote. Kisha nenda mwenyewe: kwa Chrome, fungua vitone vitatu, uingie sehemu ya usaidizi na kutazama maelezo ya programu, itajikagua yenyewe papo hapo. Kwa Windows, fungua mipangilio na utafute Windows Update. Ikiwa sasisho lipo kweli, utalikuta huko. Lisipokuwepo, basi umeshajua uliyekuwa ukizungumza naye.

Kuna ujumbe mmoja ambao hauhitaji uchunguzi wowote. Kampuni ya Adobe ilikomesha Flash Player mnamo Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 ikaizuia kuonyesha maudhui. Yeyote anayekutaka uisasishe leo anakuuzia tiketi ya gari lililokwisha kuvunjwa vyuma.

Mtindo ulioenea kuanzia 2024 ni wa kumfanya mtumiaji mwenyewe kuwa fundi wa maangamizi yake. Ukurasa hujitanua ukafunika skrini yote. Katika sura moja iliyoonekana 2025, ulijivika skrini ya samawati ya Windows Update, asilimia zikipanda polepole kama kawaida. Kisha humtaka mtazamaji abonyeze kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, halafu Ctrl na V, halafu akamilishe kwa kitufe cha kuingiza. Asichojua ni kwamba ukurasa umekwisha kunakili amri ya siri kwenye kumbukumbu ya mashine, na vitufe hivyo ndivyo vinavyoibandika na kuitekeleza. Hakuna sasisho halali la Windows linalomwagiza mtu abandike amri. Bonyeza Esc au F11 ili uone kama skrini hiyo ni ukurasa tu wa intaneti.

Na ikiwa faili imekwisha kupakuliwa? Itazame kabla ya kuifungua. Vivinjari ghushi mara nyingi huja kama faili ambayo jina lake huishia kwa .js au .zip, jambo ambalo Chrome na Firefox hazifanyi zinapojisasisha. Ukiifungua programu inayotaka kubadilisha mambo makubwa, Windows huisimamisha na kukuuliza kama unairuhusu, ikionyesha jina la mchapishaji wake. Mchapishaji akitajwa kuwa hajulikani, kataa. Hata hivyo, jina zuri halitoshi kuwa ushahidi. Programu ya ujasusi ya Flame, iliyogunduliwa 2012, ilikuwa imeghushi cheti cha Microsoft na kujipitisha kama sasisho la Windows.

Hapa nchini tatizo lina sura yake. Tarakilishi nyingi katika maduka ya kupiga chapa, saiba na hata shule huendeshwa kwa nakala haramu za Windows, na fundi aliyeziweka huwa amezima masasisho ili nakala hizo zisigunduliwe. Wengine huyazima kwa sababu yanamaliza bando. Mtumiaji wa mashine kama hiyo hajawahi kuona sasisho halali likifanya kazi, hivyo hana kipimo cha kulinganishia lile ghushi. Kuhusu gharama, dawa ipo: katika mipangilio ya Windows, mtandao unaweza kutajwa kuwa wa kulipia kwa kipimo, na upakuaji mwingi ukasubiri hadi utakapopata Wi-Fi isiyo ya bando.

Wenye rununu hawajasalimika. Mnamo 2016 zilisambazwa jumbe za kuwaalika watu wahamie WhatsApp Gold, na 2021 ikaja WhatsApp ya rangi ya waridi. Zote zilikuwa za uongo. Masasisho ya WhatsApp hupatikana katika duka rasmi la programu za simu, wala si kwenye kiungo kilichotumwa na shemeji kwenye kundi la harusi.

Aliyekwisha kunaswa aikate mashine hiyo kutoka kwenye mtandao mara moja, asiingie benki wala M-Pesa kwa kuitumia, na abadilishe nywila zake akitumia kifaa kingine. Nakala za faili muhimu ziwe kwenye diski isiyokaa imechomekwa, kwani programu za kikombozi hufunga kila diski zinayoikuta.

Nakala hizo zinahitajika hata na mtu mwangalifu kabisa, kwa sababu mara chache mlango wenyewe halali hutiwa sumu. Mnamo Juni 27, 2017, kirusi cha NotPetya kilisambazwa kupitia masasisho halisi ya M.E.Doc, programu ya uhasibu inayotumiwa sana nchini Ukraine. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo huhudumia bandari ya Mombasa pia, ilipata hasara iliyokadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300, na ikalazimika kuandaa upya tarakilishi 45,000. Orodha kuu iliyoongoza mtandao wake ilikuwa imefutwa kila mahali, isipokuwa katika ofisi moja nchini Ghana. Huko umeme ulikuwa umepotea kabla ya shambulio, mashine ikawa imezimika, na diski yake ndiyo iliyosafirishwa kwa mkono hadi Uingereza ili kazi ya kuufufua mtandao ianze.