Mkataba mnono si faida mkononi

Kampuni ya kompyuta ikitangaza kwamba imeshinda zabuni ya mabilioni ya dola, bei ya hisa zake mara nyingi hupanda siku hiyo hiyo. Mwenye hisa asikimbilie kushangilia. Aulize kwanza fedha hizo zitaingia lini, na gharama za mwanzo zitabebwa na nani.

Ushindani huu ulipamba moto pale biashara ya mashine ilipoacha kulipa kama zamani. Mwaka 1993 IBM ilipata hasara ya dola bilioni 8 hivi. Mkuu wake mpya, Lou Gerstner, alikataa mpango wa kuikatakata kampuni vipande, akatilia mkazo huduma, yaani kuendesha mitambo ya mabenki na mashirika makubwa kwa niaba yao. Washindani nao hawakulala. Compaq iliinunua Digital mwaka 1998 kwa dola bilioni 9.6, na mwaka 2002 Compaq yenyewe ikamezwa na HP. Mwaka huo huo IBM ilinunua kitengo cha ushauri cha PricewaterhouseCoopers kwa dola bilioni 3.5. HP ilikuwa imekitaka kitengo hicho mwaka 2000, mazungumzo yakavunjika.

Mikataba ya aina hii huwa ya miaka 7 au 10. Mshindi huchukua mitambo na wafanyakazi wa mteja, na huahidi kupunguza gharama. Kwa hiyo miaka ya mwanzo fedha zinaweza kutoka nyingi kuliko zinazoingia. Faida huja baadaye, kama mteja bado yupo.

Je, asipokuwepo? Mwishoni mwa 2002 IBM ilipata mkataba wa miaka 7 na benki ya JPMorgan Chase, wenye thamani ya dola bilioni 5. Mwaka 2004 benki hiyo iliungana na Bank One, na Septemba mwaka huo ikauvunja mkataba na kuirudisha kazi ndani. Aliyekwisha kuzihesabu bilioni zote 5 alihesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa.

HP iliumia zaidi. Iliinunua EDS, kampuni kubwa ya huduma, mwaka 2008 kwa dola bilioni 13.9. Mwaka 2012 ililazimika kufuta vitabuni dola bilioni 8 hivi za thamani ya kitengo chake cha huduma.

Kwa hiyo taarifa ya robo mwaka ikitoka, tazama fedha taslimu zilizoingia kabla ya jumla ya mikataba iliyosainiwa. Novemba 2021 hata IBM iliitenga kazi ya kuendesha mitambo ya wateja, ikawa kampuni nyingine, Kyndryl.