BESI YETU NA AMPLI YETU: kununua, kutengeneza, kuuza



Tangu sikukuu ya kufunga trimestri, kila mtu akinikuta kwenye uwanja ananiuliza: «Kapita, ile ampli ilikufa namna gani?» Wengine hawaulizi, wanasema tu kama ni mdogo wetu wa darasa la nne, mpigaji wa besi, aliyeiua juu alipiga kwa nguvu. Hapana. Nani aliiua, nitasema hapa chini. Kwanza inafaa tujue vyombo hivi vinafanya kazi namna gani, sababu siku ya posho komite ya kwaya itakutana kuamua kama besi iuzwe ama ibaki, na wengi watainua mkono bila kujua wanauinua kwa kitu gani.

Besi ya umeme si ya zamani sana. Mbele yake wanamuziki walikuwa wanabeba ile gitari kubwa ya kusimama, inayopita mtu kwa urefu. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa California kule Marekani, akaanza kuuza besi ya ubao mzito, ya kuvaa mabegani, iliyo na vyuma kwenye shingo ili sauti itoke sawasawa. Aliiita Precision. Mwaka 1960 akaongeza nyingine, Jazz Bass. Besi karibu zote mnazoziona mu okestra na mu kanisa ni watoto wa hizo mbili, hata kama zimetengenezwa Asia na jina lingine. Uzi wake, toka kichwani mpaka kwenye daraja, una urefu wa karibu sentimetri 86.

Nyuzi ni nne: Mi, La, Re, Sol. Mi ile nene inatikisika karibu mara 41 kwa sekunde, La mara 55, Re mara 73, Sol mara 98. Mi nene ya gitari ya kawaida ni mara 82. Muone tofauti: besi iko chini mara mbili. Na hapa njo kuna siri ambayo watu wengi hawaijui. Sauti ikishuka mara mbili, karatasi ya kipaza sauti inapaswa kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi kusudi isikike kwa nguvu ile ile. Ndiyo maana mtu akichomeka besi mu ampli ya gitari, ama mu bafle ya radio ya nyumbani, karatasi inapasuka. Si shetani, si wivu wa kwaya nyingine. Ni hesabu.

Chini ya nyuzi kuna mikro. Ndani yake mna sumaku, na kuzunguka sumaku kuna uzi wa shaba, mwembamba kupita unywele, umezungushwa mara elfu nyingi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa katika ile shaba. (Sisi ambao mkoa wetu uliitwa Shaba wakati wa Zaïre, tusione kitu hiki kama cha wageni tu.) Kwa hiyo ukiweka nyuzi za nailoni kwenye besi ya umeme, hautasikia kitu. Umeme ule unapita mu vifungo viwili vya kuzungusha, kimoja cha nguvu, kingine cha kupunguza sauti kali, halafu unaenda ku ampli.

Sasa kutengeneza. Besi yetu ilipofika ilikuwa inalia kama nyuki, na hata ukigusa nyuzi, kelele haipungui. Hiyo ni alama. Kuna uzi mmoja wa umeme unaotoka ndani mpaka chini ya daraja la chuma. Kama umekatika, kelele inaingia. Tulifungua, tukaukuta umekatika kweli, tukauchomelea kwa risasi. Halafu tulifunika shimo la ndani na bati nyembamba la shaba, tukaliunga na uzi ule ule. Kelele ilibaki kidogo sana. Kifungo cha nguvu kilikuwa kinakwaruza. Dawa ya kusafisha ikashindwa, tukakibadilisha. Kwa mikro ya namna ile wanaweka kifungo cha omu elfu 250, na kondensata ya mikrofaradi 0.047. Fundi wa radio anavyo vyote kwa bei ndogo.

Nyuzi mpya ni bei kali. Tulichemsha za zamani mu maji kwa dakika kumi, tukapangusa na kukausha vizuri. Uchafu na mafuta ya vidole vinatoka, sauti inarudia kung'aa, lakini kwa majuma machache tu. Mama wa jikoni hajatusamehe bado juu ya sufuria yake.

Kuna wale wanaosema: pasipo kiwanda hakuna muziki. Wajifunze habari za Konono N°1 wa Kinshasa. Mzee Mawangu Mingiedi na wenzake walichukua sumaku za vyuma vya magari vilivyokufa, wakafanya mikro za likembe, hata likembe ya besi iko mule. Mwaka 2004 sahani yao Congotronics ilitoka Ulaya, na watu wakashangaa sauti ile inayokwaruza. Mzee alifariki mwaka 2015. Yeye hakungoja kitu cha dukani.

Lakini kuna kitu ambacho kutengeneza kunashindwa. Ndani ya shingo ya besi mna fimbo ya chuma. Nyuzi nne zinavuta shingo kwa nguvu nyingi, na ile fimbo inavuta upande mwingine. Ukitaka kupima, bonyeza uzi kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho kwa mara moja, halafu angalia katikati: inapaswa kuwe nafasi ndogo tu. Nafasi ikiwa kubwa, unakaza fimbo robo ya mzunguko, unangoja, unapima tena. Mtu wa haraka anaikata. Ile yetu ilikuwa imekatwa mbele hatujainunua. Ukizungusha, inazunguka bure kama kifuniko cha chupa. Ndiyo maana ku vyuma vya juu besi yetu inaimba uongo, na kwaya ilikuwa inamgombeza mpigaji.

Tuliinunua namna gani? Vibaya. Dola 120, kwa mtu ambaye sitamtaja. Jina la Fender lilikuwa kichwani, sisi tukalisoma na kufurahi. Jina la kichwani si ushuhuda, mtoto yeyote mwenye rangi anaweza kuliandika. Hatukupima shingo. Hatukucheza kila chuma kwa kila uzi. Hatukulinganisha sauti ya chuma cha 12 na ile sauti ya kugusa uzi polepole pale pale juu ya chuma bila kuubonyeza. Hizo mbili zinapaswa kuwa sawa, na kama ile ya kubonyeza iko juu, kijiti cha daraja kinasogezwa nyuma. Tulichojua ni kuhesabu noti, na hata hapo muuzaji alikataa noti mbili juu zilipasuka kidogo pembeni, mnajua dola kwetu namna gani. Makuta hayo yalitoka kwa matofali tuliyopiga vakansi mbili.

Ampli tuliinunua vizuri zaidi, dola 180. Tulikuja na kable yetu na besi yetu. Kwanza tulisoma nyuma. Umeme wetu ni wa volti 220. Ampli ya Marekani inaomba volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja mu prizi utasikia harufu mbele ya kusikia muziki. Zingine ziko na kifungo cha kuchagua, zingine zinaomba transfo. Pia soma wati inazokula. Radio ikiandikwa mbele wati 1000 na nyuma imeandikwa inakula 60, amini nyuma: hakuna chombo kinachotoa kuliko kinachokula. Angalia fizibu. Ukikuta imefungwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, rudisha chombo. Bafle unazipima kwa vidole: sukuma karatasi polepole kwa pande mbili, ikikwaruza ndani, uzi wake umeungua. Na pile moja ya volti 1.5 ikigusa nyaya zake, inapaswa kusema «tok».

Neno moja la hatari. Ampli za zamani za lampi ziko na umeme wa volti mia kadhaa ndani, na kondensata zake zinaushika hata baada ya kutoa fishi. Umeme huo unaua mtu. Hata siku moja mwanafunzi asifungue ampli ya namna ile peke yake.

Sasa nifike kwenye ile usiku. Nyuma ya ampli yetu, ile ya transista, imeandikwa: omu 4, si chini. Omu ni namna bafle inavyozuia umeme. Bafle zetu mbili ni za omu 8 kila moja, na zikiungwa sambamba zinakuwa 4. Vizuri. Ile siku ukumbi ulijaa mpaka madirishani, watu wa nyuma wakalalamika kama hawasikii. Mimi nikaenda kuazima bafle ya tatu kwa kanisa la jirani. Ilikuwa ya omu 4. Nne sambamba na nne inafanya mbili. Ni kama pampu moja ambayo umeifungulia mabomba mengi: maji yanatoka mara mbili, pampu inachoka mara mbili. Transista zilipata moto, zikafa. Na transista ikifa inaweza kuacha umeme wote upite wazi mpaka ku bafle; ndiyo maana mliona karatasi imesukumwa mbele, ikabaki vile, halafu moshi.

Mpigaji wa besi hakuwa hata karibu na ampli. Ni mimi niliyechomeka ile kable. Niliona maandishi ya omu 4, nilijua hesabu hiyo tangu darasa la tano, na nikasema moyoni: wimbo mmoja tu. Halafu watu walipomsema yule mdogo, nilinyamaza majuma matatu. Nimekwisha kumwomba msamaha mbele ya kwaya. Hapa ninaandika kwa wale ambao hawakuwako.

Juu ya kuuza. Kuna watu wa parwasi moja ya Likasi, wanataka besi kwa Noeli. Wengine mu komite wanasema tuwapigie nyimbo za chini chini tu, wasisikie kasoro ya shingo, tuombe 120 yetu. Mimi sikubali. Maoni yangu: tuwaonyeshe fimbo iliyokatika, tuwaambie kazi tuliyofanya ndani, tuombe dola 70, na namba ya besi iandikwe ku karatasi mbele ya mashahidi wawili. Kwa nyimbo za chini besi ile ni nzuri kabisa, na mpigaji wao atajua anashika nini. Fundi anaomba 45 kwa transista na kazi. Ile 25 itakayobaki haitoshi kutengeneza bafle ya jirani, kwa hiyo sehemu ile nitalipa mimi. Baba amekubali nifanye kazi kwa karakana yake kisha Egzamen d'État.

Ampli ikirudi, kapita wa mwaka kesho atakuta karatasi yake mu kabati ya kwaya, chini ya vitabu vya nyimbo. Omu 4 nimeiandika tena nyuma ya ampli yenyewe, na rangi nyekundu, kubwa.