Mkulima na mfugaji jukwaani: mchezo wa zamani ukifufuliwa unatufundisha nini?



Katika mikutano ya kambi na ya vijiji tunakutana na swali moja mara kwa mara: mchezo wa kuigiza au filamu inamsaidia nini mtu aliyepoteza shamba lake? Swali hilo ni la haki. Leo tunajaribu kulijibu kwa kueleza habari ya mchezo mmoja wa nyimbo kutoka Marekani, uitwao Oklahoma!. Tumeuchagua kwa sababu ugomvi wake mnaujua. Mkulima anajenga ua, mfugaji anataka njia ya ng'ombe. Wazee wa Ituri, Masisi au Fizi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mchezo wenyewe

Oklahoma! ulionyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 31 Machi 1943. Muziki ulitungwa na Richard Rodgers, maneno yaliandikwa na Oscar Hammerstein. Ulichezwa mara 2,212 mfululizo, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule.

Hadithi inatokea mwaka 1906. Curly, kijana mchunga ng'ombe, anampenda Laurey, msichana mwenye shamba. Jud, kibarua wa shamba hilo, naye anamtaka. Siku moja watu wote wanakusanyika kwa mnada wa vikapu vya chakula ili kupata pesa za kujenga shule. Wakulima na wafugaji wanaanza kupigana palepale. Shangazi ya Laurey, mama mzee anayeheshimiwa, anachukua bunduki na kuwalazimisha waendelee kuimba na kucheza pamoja.

Tuangalie vizuri hapo. Watu hao hawakuja kwa ajili ya hotuba ya amani. Waliletwa na shule, kitu ambacho pande zote mbili zilikihitaji. Wengi wetu tumeona jambo hili: kamati ya chemchemi ya maji au ya soko hukutanisha watu ambao wangekataa kuitwa kwenye mkutano wa upatanisho.

Kufufua mchezo maana yake nini?

Kufufua mchezo ni kuuchukua mchezo wa zamani na kuuchezesha tena, kwa ruhusa ya wenye haki nao, ukiwa na waigizaji wapya na macho mapya. Maneno na nyimbo hubaki karibu vilevile, lakini mwongozaji huamua ni jambo gani litiliwe mkazo.

Mwaka 1998 jumba la National Theatre la London liliufufua Oklahoma! chini ya uongozi wa Trevor Nunn. Curly alichezwa na Hugh Jackman, ambaye bado hakuwa anajulikana sana duniani. Jud alichezwa na Shuler Hensley. Zamani Jud alionekana kama mtu mbaya tu. Hensley alimwonyesha pia kama mtu mpweke, anayelala kwenye kibanda, asiyekaribishwa na mtu. Watazamaji wakaanza kujiuliza: je, chuki yake ilizaliwa naye, au ilikua kwa sababu ya kutengwa?

Kwa nini kupiga filamu?

Ukumbi hauwezi kuchukua watu wote. Kwa hiyo mwaka 1999 mchezo huo wa London ulipigwa filamu. Waigizaji waliucheza studioni, kwenye mandhari ileile ya jukwaa, kamera zikiwa karibu na nyuso zao. Halafu picha za watazamaji wa ukumbini zikaunganishwa ndani, ili anayetazama kwa mbali ajisikie kama ameketi kati ya watu. Filamu hiyo ilionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2003. Mwezi wa Julai 2023, miaka 80 baada ya mchezo kuzaliwa, ilirudishwa katika majumba ya sinema.

Faida ni wazi: filamu moja hufika mahali ambapo kikundi cha waigizaji hakiwezi kufika. Lakini filamu haijibu swali la mtazamaji. Haijui kwamba mtu wa mstari wa nyuma ameudhika. Ndiyo maana, panapoonyeshwa filamu kambini, kazi yenyewe huanza pale jenereta inapozimwa na watu wanapoanza kusema.

Mambo mawili ambayo mchezo unayaficha

La kwanza ni haki. Mwishoni Jud anakuja kwenye arusi amelewa, anapigana na Curly, na anakufa kwa kisu chake mwenyewe. Mtu mmoja anasema kesi ipelekwe mahakamani. Wengine wanakataa, kwa sababu bwana arusi anataka kuondoka. Wanaendesha kesi palepale nyumbani, kwa dakika chache, kati ya marafiki wa mshtakiwa, na wanamwachilia. Hakuna anayemsemea marehemu. Kwa miaka mingi watazamaji walicheka tu. Mwaka 2019, mwongozaji Daniel Fish aliufufua mchezo huo New York kwa namna nyingine: arusi ikachafuka damu, na kesi ile ikawa jambo la kuogopesha. Hadithi ni ileile, lakini sasa kila mtu aliona kwamba amani iliyopatikana haraka ilikuwa imemwacha mtu nje.

La pili linawahusu ninyi jamaa mliohama makwenu. Mwaka 1906 nchi ile ilikuwa bado inaitwa Eneo la Wahindi. Wenyeji wa kwanza wa Amerika, kama Wacherokee, walikuwa wamefukuzwa mashariki na kupelekwa huko kwa nguvu miaka ya 1830. Inakadiriwa kwamba Wacherokee 4,000 hivi walikufa kwa sababu ya safari hiyo. Baadaye, kuanzia 1889, hata sehemu za nchi ile zilifunguliwa kwa walowezi. Mwaka 1907 ikawa jimbo la Oklahoma. Katika mchezo, mkulima na mfugaji wanapatana juu ya ardhi, lakini waliohamishiwa hapo kwanza hawatajwi. Na mchezo huo ulitolewa katika tamthilia ya mwaka 1931 ya Lynn Riggs, mtu mwenye damu ya Kicherokee, aliyezaliwa nchini humo.

Tunasema hivi bila kuudharau mchezo. Tunasema ili kila mpango wa amani uulizwe: nani hayupo kwenye baraza? Wakulima na wafugaji waliobaki wanaweza kupatana vizuri sana juu ya shamba la mtu aliye kambini.

Kwa viongozi wanaotaka kujaribu

Kila kijiji kina hadithi na ngoma zake za zamani. Vikundi vya vijana vinaweza kuzifufua bila gharama kubwa. Tunashauri haya:

- Anzeni na hadithi inayojulikana na pande zote. Msiigize tukio la juzi lenye majina ya watu.
- Mkulima acheze mfugaji, na mfugaji acheze mkulima.
- Kabla ya kupiga filamu, ombeni ruhusa kwa kila mtu, na kwa wazazi wa watoto. Waelezeni filamu itafika wapi. Uso unaoonekana leo kambini unaweza kutambuliwa kesho njiani. Anayekataa asilazimishwe.
- Acheni muda mrefu wa mazungumzo kuliko wa mchezo, na wanawake wapewe nafasi ya kusema.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, "shule" ya kutukutanisha ni kitu gani?
2. Nani ni Jud wetu, anayelala peke yake kibandani?
3. Tukipatana leo, ni nani atakayerudi kesho na kukuta kiwanja chake kimegawanywa?

Mkishindwa kujibu swali la tatu, msiharakishe kutia sahihi.