Haki ya kupita hulindwa kwa nyayo

Wako watu wadhanio kwamba kutembea kwa miguu kutwa kucha, bila bidhaa ya kuuza wala jamaa wa kuzuru, ni mchezo wa wasio na kazi. Dhana hiyo ni potovu. Huko Uingereza ipo njia ya waendao kwa miguu iitwayo Pennine Way, ambayo urefu wake ni maili 268, yaani takriban kilomita 431. Huanzia kijiji cha Edale, katika jimbo la Derbyshire, ikafuata uti wa mgongo wa nchi hiyo kuelekea kaskazini hadi Kirk Yetholm, ng'ambo ya mpaka wa Uskoti. Siku ya kwanza pekee ya safari hiyo ni somo kamili la historia, jiografia na uraia kwa yeyote aliye tayari kufunzwa.

Mwendo wa siku hiyo ni kama kilomita 26, kutoka Edale hadi kitongoji cha Crowden. Asubuhi mtembeaji hupita katika malisho ya kondoo yaliyozungushiwa kuta za mawe, kisha huukabili mpando mkali uitwao Jacob's Ladder. Afikapo juu hujikuta kwenye uwanda wa Kinder Scout, ambao kilele chake kina kimo cha mita 636. Kwa mtu aliyezoea milima mirefu, kimo hicho ni cha kilima tu. Hata hivyo, asiudharau. Pale juu miti ni adimu, udongo ni mweusi na wenye kunywea miguu, na ukungu waweza kushuka ghafla hata mtu asione hatua kumi mbele yake. Asiyejua kuisoma ramani na dira hana budi kuambatana na ajuaye.

Akiendelea kando ya ukingo wa uwanda huo, mtembeaji hufika penye maporomoko ya Kinder Downfall, ambapo upepo ukivuma kwa nguvu huyarusha maji yarudi juu yalikotoka. Hapo na atue mzigo, ajiulize: ni nani aliyempa ruhusa ya kusimama mahali hapa?

Zamani ruhusa hiyo haikuwapo. Nyanda hizi zilimilikiwa na makabaila waliozitumia kuwindia ndege wa jamii ya kwale kwa siku chache za mwaka, na siku zilizosalia walinzi wenye marungu waliwafukuza wapita njia. Bondeni, katika miji ya Manchester na Sheffield, walikuwako maelfu ya vibarua wa viwandani waliovuta moshi juma zima na kutamani hewa safi siku ya Jumapili. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia kadhaa kati yao walitoka kijiji cha Hayfield wakaupanda mlima huo kwa makusudi, wakiongozwa na kijana wa miaka 20, Benny Rothman. Walipambana kidogo na walinzi, kisha wakarejea. Vijana sita walitiwa mbaroni, na watano wakafungwa jela kwa vifungo vya kati ya miezi miwili na sita. Rothman alipata miezi minne.

Mwanafunzi azingatie jambo moja. Vijana hao hawakufungwa kwa sababu ya kuingia katika ardhi ya mwenyewe, maana tendo hilo halikuwa jinai katika sheria ya nchi. Walishtakiwa kwa makosa ya fujo. Adhabu ile kali iliwaudhi hata watu ambao awali hawakuwaunga mkono, na baadhi ya hao walikuwa viongozi wa vyama vya watembeaji wenyewe, waliohofia kwamba ukaidi ungeharibu mazungumzo yao na wenye ardhi.

Miongoni mwa walioshika njia ya mazungumzo alikuwa Tom Stephenson, mwandishi wa habari. Mnamo 1935 alichapisha makala katika gazeti la Daily Herald akipendekeza njia moja ndefu juu ya milima hiyo. Pendekezo lake lilingoja miaka 30. Sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka wa 1949, eneo la Peak District likawa mbuga ya kwanza mwaka wa 1951, na Pennine Way ikafunguliwa rasmi tarehe 24 Aprili 1965, siku ile ile ya mwaka walipopanda kina Rothman.

Je, sifa ni ya nani? Wapo wasemao ni ya waliofungwa, na wapo wasemao ni ya waliovumilia vikao na barua. Stephenson mwenyewe hakuyathamini sana maandamano ya 1932. Kwa maoni yangu, mzozo huo hauna haja. Wa kwanza waliwafanya watu waione dhuluma, wa pili wakaitafutia dawa katika sheria. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Alasiri njia huivuka barabara kuu ya Snake Pass na kuingia Bleaklow, uwanda mpweke kuliko wa kwanza. Hapa somo hugeuka, kwani kila haki ina wajibu wake. Udongo wa hapa ni mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka, na nyayo za maelfu ya watu ziliukanyaga hadi ukawa tope pana. Kule Kinder ilibidi njia rasmi ihamishwe kutoka katikati ya uwanda. Kwingineko mabamba ya mawe yalitandazwa juu ya matope, mengi yakiwa yameng'olewa katika sakafu za viwanda vya pamba vilivyobomolewa. Mawe waliyoyakanyaga vibarua kazini sasa hukanyagwa na watu walio mapumzikoni.

Jioni mtembeaji huteremka hadi bwawa la Torside, lililojengwa katika karne ya 19 kuupatia mji wa Manchester maji, na mbele kidogo ni Crowden. Miguu humuuma, lakini amepita kwa haki. Sheria ya mwaka wa 2000 iliipanua haki hiyo hadi kwenye milima na nyika nyingi zilizokuwa zimefungwa, na mwaka wa 2002 Kabaila wa Devonshire aliomba radhi hadharani kwa yaliyotendwa na babu yake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi ya nchi hiyo ingali imefungwa kwa umma, na mabishano hayajakwisha.

Mwalimu afundishaye uraia na awaeleze wanafunzi wake kwamba haki iliyoandikwa vitabuni pasipo mtu wa kuitumia ni kama njia isiyopitwa: muda si mrefu huota majani.