Faida Iliyoliwa Nyumbani
Somo la Biashara katika shule za sekondari

Wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya wamelichagua somo la Biashara kwa kuwa waliambiwa ni jepesi. Wakati wa kuingia Kidato cha Tatu, ambapo mwanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 huacha baadhi ya masomo na kushika mengine, aliyeiogopa Fizikia hulikimbilia somo hili kama msafiri akimbiliaye kivuli cha mwembe. Lakini siku leja inapofunguliwa, kivuli huondoka.

Zamani Biashara na Uwekaji Hesabu yalikuwa masomo mbalimbali. Mtaala uliorekebishwa mwaka 2002 uliyaunganisha, pamoja na uchumi na kazi za ofisi, yakawa somo moja. Hivyo mwanafunzi huanza na mambo ayaonayo kila siku, kama vile maduka, usafirishaji, bima na benki, akadhani safari yote itakuwa hiyo. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza huwa na maswali mafupi 25. Ya pili huwa na marefu sita, naye hujibu matano. Maelezo ya bima yaweza kukaririwa. Hesabu hazikaririki.

Hesabu hizo zina umri mkubwa. Luca Pacioli, mtawa wa Italia, alizieleza katika kitabu kilichopigwa chapa mjini Venice mwaka 1494. Hakuzibuni yeye, bali aliandika desturi ya wafanyi biashara wa mji ule. Kila jambo huandikwa mara mbili: mahali palipopokea na mahali palipotoa. Mwenye duka akinunua sukari ya shilingi 5,000 kwa fedha taslimu, bidhaa zimeongezeka kwa kiasi hicho na fedha imepungua kwa kiasi hicho hicho. Pande mbili zisipolingana, kosa lipo, wala halina budi kutafutwa.

Kanuni iwashangazayo vijana kuliko zote ni kwamba duka ni mbali na mwenyewe ni mbali. Na tuchukue mfano wa mzee mmoja mwenye duka sokoni, ambaye binti yake yuko Kidato cha Tatu. Mwezi ulipoanza, mzee alikuwa na bidhaa za shilingi 20,000 na fedha 10,000. Rasilmali yake ni 30,000. Katika mwezi ule alinunua bidhaa za shilingi 60,000 na kuuza kwa 78,000, yote kwa fedha taslimu. Kodi ya nyumba, usafiri na ushuru wa soko vilikula 7,000. Mwisho wa mwezi akahesabu fedha sandukuni: 12,000. Zimezidi zile za mwanzo, mzee akafurahi.

Binti hafurahi upesi namna hiyo. Anazihesabu bidhaa zilizosalia rafuni na kuona ni za shilingi 15,000 tu. Basi zilizouzwa ziligharimu 65,000. Faida ya kwanza ni 13,000, na baada ya kutoa gharama hubaki faida halisi ya 6,000. Lakini mali yote iliyopo, fedha na bidhaa, ni 27,000. Rasilmali imepungua kwa 3,000 katika mwezi wenye faida! Mzee anadhani mwizi ameingia.

"Hapana mwizi, baba," binti anamjibu. "Unga, mafuta ya taa na karo yangu vilinunuliwa kwa fedha ya sanduku hili. Ni shilingi 9,000. Duka lilileta 6,000. Sisi tumekula 9,000."

Maduka mengi hufungwa kwa njia hiyo, nao wenyewe husema biashara ilikuwa mbaya. Mzee huyu anaweza kuagiza bidhaa chache zaidi kila mwezi hadi rafu zibaki tupu, huku akiendelea kuona fedha sandukuni. Au aweza kununua sanduku la pili, ajiandikie mshahara usiozidi faida, na kumpa binti daftari alitunze kila Jumamosi. Karo ya muhula ujao yenyewe itatoka katika sanduku la pili.